Mgonjwa anasema Kiigbo, faili linaandika Kiingereza

*Kusini-mashariki mwa Nigeria kuna madaktari wanaojifunza upya namna ya kumuuliza mtu anaumwa wapi. Wengine wanataka kamusi ya istilahi, wengine wanasema Kiingereza kinatosha. Wagonjwa wenyewe wana maneno yao tayari.*

Mama amekaa kwenye benchi la kituo cha afya kijijini, Jimbo la Enugu, mtoto yuko mapajani. Mbele yake kuna daktari kijana mwenye suruali ya kaki ya NYSC, mpango wa vijana kulitumikia taifa. Kwao ni Ibadan na lugha ya nyumbani kwao ni Kiyoruba. Anauliza kwa Kiingereza shida ni nini, nesi anamfasiria.

Mama anajibu kwa mfululizo: *Ahụ na-ekpo ya ọkụ. Oyi na-atụ ya. Ọ jụrụ nri.* Mwili unamchemka. Baridi inamtetemesha. Amekataa chakula. Nesi, ambaye foleni inamsubiri hadi nje ya mlango, anamgeukia daktari na kutamka neno moja tu la Kiingereza, lenye maana ya homa. Daktari anaandika homa.

Mazungumzo ya aina hii hayana tarehe. Hutokea siku yoyote ya kliniki, na nesi hakusema uongo. Lakini katika sentensi zile tatu, ya mwisho ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kuhudumia watoto wa chini ya miaka mitano unamtaka mhudumu aulize mapema kama mtoto anaweza kunywa au kunyonya, kwa sababu akishindwa, hiyo ni dalili ya hatari. Mama alikwisha kuligusia jambo hilo kabla hajaulizwa. Daktari angeelewa *ọ jụrụ nri*, angeuliza papo hapo: na maji je? Na ziwa je?

Nani anajifunza

NYSC ilianzishwa mwaka 1973, miaka mitatu baada ya vita vya Biafra kumalizika. Kanuni yake ni kwamba mhitimu apelekwe jimbo lisilo la kwao akatumikie mwaka mmoja, ili vijana wa nchi iliyotoka kuuana wapate kuishi pamoja. Madaktari nao huingia humo wakishamaliza mafunzo ya vitendo hospitalini. Ndiyo maana kijana wa Kano au Ibadan hujikuta akipima wajawazito Abia, Anambra, Ebonyi, Enugu au Imo, majimbo matano ambayo Kiigbo ndicho lugha ya soko, ya kanisa na ya msiba. Wazungumzaji wake hukadiriwa kuwa takriban milioni 30.

Ingekuwa rahisi kusema tatizo ni la wageni tu. Sivyo. Daktari Mwigbo aliyekulia Lagos, akasoma shule ya msingi hadi chuo cha udaktari kwa Kiingereza, anazijua kazi zote za figo, ila akitakiwa kumweleza bibi yake kwa nini dawa ya presha haikatizwi hata siku ambayo mtu anajisikia vizuri, nusu ya sentensi inakuwa Kiingereza. Mchanganyiko huo una jina lake huko, Engligbo. Nyumbani bibi huuelewa kwa kubahatisha. Wodini kubahatisha ni hatari.

Na kuna jambo ambalo kila mwanafunzi wa udaktari hufundishwa duniani kote: malalamiko ya mgonjwa yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Enugu, Owerri na Abakaliki kanuni hiyo huvunjwa kila siku na watu wanaoamini wanaifuata, kwa sababu maneno ya mgonjwa yalikwisha kuwa Kiingereza kabla kalamu haijagusa karatasi.

Iba ya Ezinma

Msomaji wa *Shujaa Okonkwo*, tafsiri ya Clement Ndulute ya riwaya ya Chinua Achebe iliyotoka mwaka 1958, amekwisha kukutana na neno la kwanza la somo hili. Ezinma, binti wa Okonkwo, anapougua ghafla, baba yake anatambua kuwa ni *iba*. Anakwenda kutafuta majani na magome, na mtoto anaketishwa mbele ya chungu kinachofuka mvuke, akafunikwa mkeka. Tanzania tungesema anapigwa nyungu. Achebe, mzaliwa wa Ogidi, aliliacha neno *iba* jinsi lilivyo ndani ya Kiingereza chake.

Leo *iba* hutumika kwa malaria, na mabango ya afya huliandika hivyo. Lakini kwa mwenye lugha uwanja wake ni mpana zaidi. Kuna *iba ọcha n'anya*, ile inayogeuza macho kuwa ya njano, na macho ya njano yanaweza kuwa homa ya ini, homa ya manjano au chembe nyekundu za damu zinazovunjika. Kwa hesabu za WHO, Nigeria peke yake hubeba takriban robo ya wagonjwa wote wa malaria duniani. Kwa hiyo kishawishi cha kuandika malaria kila mama anaposema *iba* ni kikubwa, na mara nyingi daktari atakuwa sahihi. Ni zile nyakati nyingine zinazotisha.

Mzungumzaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa sana hapa. Homa yetu nayo hubeba malaria, mafua na hata uchovu. Neno *akwara* la Kiigbo hutaja mshipa wa damu, neva na kano kwa pamoja, na mshipa wetu hufanya kazi hiyo hiyo na zaidi, kwani wapo wanaoiita hivyo hata ngiri. *Ọgwụ* ni kidonge cha hospitali, na pia ni kile kilichofungwa kwenye hirizi, kama ilivyo dawa kwetu. Tofauti imejitokeza kwa mtoaji wa dawa. Sisi tulilichukua neno mganga tukalipandisha hadi Mganga Mkuu wa Serikali. Waigbo walimwacha *dibịa* na ramli na mizizi yake, daktari wa hospitali wakamwita *dọkịta*, au *dibịa bekee*, yaani mganga wa Kizungu.

Riwaya ile ile ina neno la pili, zito kuliko *iba*. Ezinma ni mtoto wa kumi wa mama yake, Ekwefi, na tisa waliomtangulia walikufa wachanga. Kijiji kilikuwa na jina la jambo hilo, *ogbanje*, mtoto anayezaliwa, akafa, akarudi tumboni kwa mama yule yule ili amtese tena. Mwaka 2001 mtafiti Esther Nzewi alichapisha uchunguzi uliohoji uhusiano wa imani hiyo na ugonjwa wa selimundu. Uhusiano huo una mantiki kwa yeyote anayejua tiba. Selimundu hurithiwa, huwapata watoto kadhaa wa baba na mama wale wale, na bila matibabu huwaua wakiwa wadogo. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 150,000 huzaliwa nao Nigeria kila mwaka.

> Daktari asiyelijua neno *ogbanje* hajui mama anaogopa nini anaponyamaza.

Anaweza kumweleza habari za chembe za urithi kwa Kiingereza safi, mama akaitikia kwa kichwa, kisha akarudi nyumbani akiamini kwamba mwanawe ana mapatano na mizimu. Wakati huohuo, kijana wa Kiigbo anayetaka kuoa anajua vizuri AA, AS na SS ni nini, kwa kuwa makanisa mengi hudai majibu ya kipimo cha selimundu kabla ya kufungisha ndoa. Herufi hizo hutamkwa katikati ya sentensi ya Kiigbo bila mtu kukwama.

Nukta moja, kiungo kingine

Alfabeti ya Kiigbo inayotumika rasmi tangu 1961 inaitwa Ọnwụ, kwa jina la mwenyekiti wa kamati iliyoipitisha. Kamati hiyo ilimaliza ugomvi wa takriban miaka 30 kati ya wamisionari wa Kiprotestanti na serikali ya kikoloni iliyoungwa mkono na Wakatoliki, kila upande ukiwa na tahajia yake. Mwenyekiti mwenyewe, S. E. Onwu, alikuwa daktari, miongoni mwa Waigbo wa kwanza kufuzu udaktari wa kisasa. Lugha iliyopewa maandishi yake na daktari inastahili kusikika wodini.

Herufi ni 36, na baadhi ya irabu zina nukta chini. Kwa anayejifunza lugha ya afya nukta hizo hazina mzaha. *Ukwu* bila nukta ni kiuno, *ụkwụ* yenye nukta ni mguu. Mtu akituma ujumbe kwa simu ambayo haina nukta, kwamba mama mjamzito anaumwa *ukwu*, anayeupokea hana njia ya kujua kama ni maumivu ya kiuno, ambayo yanaweza kuwa uchungu umeanza, au ni mguu, ambao ukivimba upande mmoja unaweza kuwa na damu iliyoganda. Mambo mawili ya dharura, na kila moja lina njia yake ya kushughulikiwa.

Toni ni ngumu zaidi, kwa sababu maandishi ya kawaida hayaionyeshi kabisa. *Akwa*, kwa kupandisha au kushusha sauti, ni kilio, au nguo, au yai, au kitanda. Yote manne yanaweza kutajwa wodini kabla ya saa nne asubuhi. *Ara* ni titi, na kwa toni nyingine ni wazimu. *Isi* ni kichwa, na pia ni upofu. Tangu mwishoni mwa 2013 programu ya Google ya kutafsiri imekuwa na Kiigbo, na daktari mwenye simu hushawishika kuitegemea. Lakini orodha ya maneno isiyo na toni wala sauti ya mtu ni nusu ya somo, na inampa mwanafunzi imani kubwa kuliko anachokijua.

'BP' au ọbara mgbali elu

Hapa ndipo wataalamu wanapogawanyika. Upande mmoja ni wa wale wanaotaka kila ugonjwa uwe na jina la Kiigbo. Kwao shinikizo la damu ni *ọbara mgbali elu*, damu inayosukuma juu. Chanjo ni *ọgwụ mgbochi*, dawa ya kuzuia. Kifua kikuu ni *ụkwara nta*, ambayo kwa neno moja moja ni kikohozi kidogo. Hoja yao ni kwamba lugha isiyoweza kueleza figo na damu itaachwa jikoni, na mtoto anayeona baba yake akihamia Kiingereza kila akitaja hospitali atajifunza haraka lugha ipi ina thamani.

Upande wa pili unasema: nendeni mkasikilize. Mgonjwa wa Onitsha haji kliniki kulalamikia *ọbara mgbali elu*. Anasema BP yake iko juu, kama sisi tunavyosema presha. Neno limekwisha kuingia, limezoeleka, linabeba maana. Ukimwondolea na kumpa istilahi ya kamati, unamfanya mgeni ndani ya lugha yake.

Waigbo hawana chombo cha serikali cha kukata shauri, kama BAKITA tuliyo nayo tangu 1967. Kazi kubwa ya kuratibu istilahi ilifanywa na chama cha hiari, SPILC, kilichoanzishwa na F. C. Ogbalu mwaka 1949 kukuza lugha na utamaduni wa Kiigbo. Chama hicho kilishughulikia sana sarufi, fasihi na mambo ya darasani. Idhaa ya Kiigbo ya BBC ilipoanza Februari 2018, wahariri wake nao wakawa watu wa kuamua kila siku ugonjwa huu uitweje, na uamuzi wa chumba cha habari husafiri mbali kuliko wa kamati.

Naona pande zote mbili zinakosea pahala pamoja. Zinabishana juu ya majina ya magonjwa, wakati mgonjwa haji na jina la ugonjwa. Anakuja na kitenzi. *Isi na-awa m*: kichwa kinanipasuka. *Oyi na-atụ m*. Ahụ (mwili) inafanya hivi, afọ (tumbo) inafanya vile. Mwili wa Kiigbo una viungo vinavyotenda, na anayejifunza vitenzi hivyo atamwelewa mkulima wa Nsukka hata kama hajawahi kuisikia *ọbara mgbali elu*. Kuchagua kati ya BP na istilahi ni kazi ya mwezi wa tatu wa kujifunza, wakati wa kueleza matibabu. Na hapo ningeyafundisha majina yote mawili, la radioni na la sokoni.

Jina lililofunga mlango

Kuna mahali pamoja ambapo jina lenyewe ndilo suala. VVU na UKIMWI vilipofika kwa Waigbo, watu waliviita *obiri n'aja ọcha*: ugonjwa unaoishia kwenye udongo wa kaburi. Jina lilitungwa na waombolezaji na lilisema kweli ya wakati wake. Sisi tulikuwa na letu. Kagera, wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walipotambuliwa mwaka 1983, watu waliuita Juliana.

Kisha dawa zikaja. Serikali ya Nigeria ilianza mpango wake wa dawa za kufubaza virusi mwaka 2002, na leo anayezimeza bila kukatiza anaishi, anazaa mtoto asiye na virusi, anamwona akikua. Lakini fikiria mshauri nasaha anayempa mtu majibu yake kwa jina lile. Kabla hajafika kwenye habari ya dawa, ametamka kaburi. Nani atarudi mwezi ujao kuchukua kopo la vidonge vya ugonjwa ambao jina lake limekwisha kumzika?

Wanaisimu Herbert Igboanusi, Clement Odoje na Garba Ibrahim wamelifanyia kazi jambo hili katika Kihausa, Kiigbo na Kiyoruba, wakitafuta majina ya VVU na UKIMWI yanayoeleza bila kuhukumu. Hii ndiyo kazi ambayo kamati ya istilahi inahitajika kweli kweli. Jina la presha linaweza kubaki BP na hakuna atakayekufa kwa hilo. *Obiri n'aja ọcha* halina budi kuondoka katika chumba cha ushauri, na kila mwanafunzi afundishwe kulielewa akilisikia na kutolitamka.

Joto kichwani

Mfano bora wa kusikiliza kwanza ulitoka Enugu kwenyewe, miaka zaidi ya 40 iliyopita. Mwanasaikolojia Peter Ebigbo aliona kwamba wagonjwa wenye matatizo ya akili walikuja kulalamikia mwili, kwa maneno ambayo vipimo vya Ulaya havikuwa nayo. Kichwa kina joto. Kuna kitu kinatambaa ndani ya kichwa, kama sisimizi. Mwili mzima unawaka.

Daktari aliyefunzwa kwa Kiingereza pekee husikia joto na kutafuta kipimajoto. Kinasoma nyuzi 36.8, mgonjwa anaambiwa hana kitu, au anapewa dawa ya malaria. Ebigbo aliyakusanya malalamiko hayo jinsi yalivyosemwa, akayapanga, na mwaka 1982 akachapisha kipimo ambacho leo kinajulikana kwa jina la mji huo, Kipimo cha Enugu. Maneno ya wagonjwa yakawa chombo cha kitabibu. Aliyelalamika kwamba sisimizi wanamtambaa kichwani akawa na mahali pa kusikilizwa, bila kuitwa *onye ara*, mwendawazimu, jina ambalo humfukuza mtu kliniki na kumpeleka akafiche shida yake.

Kazi hiyo inapaswa kurudiwa kwa maumivu ya kifua, kwa hedhi, kwa uzee. Inahitaji daftari, subira na mtu anayewaheshimu wanaozungumza.

Wanaosema Kiingereza kinatosha

Hoja yao isidharauliwe. Nigeria ina lugha zaidi ya 500. Daktari anayehamishwa kutoka Enugu kwenda Calabar, kisha Jos, hawezi kuanza upya kila mara. Pijini ya Nigeria inaeleweka karibu kila mji na kliniki nyingi za mjini huitumia. Manesi wapo wa kufasiri. Serikali nayo imesita: Novemba 2022 ilipitisha sera ya kufundisha shule ya msingi kwa lugha za nyumbani, na Novemba 2025 Waziri wa Elimu, Tunji Alausa, akatangaza kuifuta na kurejesha Kiingereza.

Ila kuhusu afya tuna ushahidi, na mmoja ulitoka kwa jirani zetu. Baada ya Ebola kulipuka Afrika Magharibi, shirika la Translators without Borders liliwauliza Wakenya maswali mepesi kuhusu ugonjwa huo. Mwanzoni majibu sahihi yalikuwa asilimia 8. Waliposoma maelezo kwa Kiingereza yakafika 16. Walipoyasoma maelezo hayohayo kwa Kiswahili yakafika 92. Hiyo ni nchi ambayo Kiingereza ni lugha ya shule, kama Nigeria.

> Kwa Kiingereza, majibu sahihi 16 katika 100. Kwa Kiswahili, 92.

Kuhusu nesi mfasiri, tatizo halimo katika moyo wake. Amepangiwa kazi ya nesi, foleni inamngoja, na hakuna aliyemfundisha kufasiri. Asipokuwepo huitwa mfagizi, au mtoto wa mgonjwa. Mwanamke gani atasema mbele ya mwanawe wa miaka 12 kwamba anatokwa na damu baada ya tendo la ndoa?

Na hakuna anayemtaka daktari wa Ibadan aandike mashairi ya Kiigbo. Anahitaji kuuliza *ebee ka ọ na-egbu gị mgbu*, unaumwa wapi. *Kedu mgbe o bidoro*, ilianza lini. *I riela nri*, umekula? Anahitaji kusema dawa imezwe *ụtụtụ na abalị*, asubuhi na usiku, kwa sababu "mara mbili kwa siku" mtu anaweza kumeza saa tatu na saa tano. Anahitaji *ndo*, pole ya Waigbo, ambayo Kiingereza hakina na ambayo mgonjwa wa Afrika huingoja kabla hajafungua mdomo. Sentensi chache za kuuliza na sikio la kupokea vitenzi vya mwili: hayo yanafundishika ndani ya wiki tatu za kambi ya NYSC, hasa asubuhi moja moja zikitengwa kwa wahudumu wa afya pekee.

Kiigbo kipi?

Swali hili huulizwa na Waigbo wenyewe. Kiigbo sanifu, *Igbo Izugbe*, ndicho cha vitabu na redio. Lakini mwili, *ahụ* katika vitabu, kwingine hutamkwa *arụ*. Na ukifika Ebonyi, lahaja za Izzi, Ezaa na Ikwo ziko mbali na sanifu kiasi kwamba baadhi ya wanaisimu huzihesabu kuwa lugha nyingine.

Ebonyi si mahali pa kukosea. Ni moja ya majimbo yanayosumbuliwa na homa ya Lassa, inayoenezwa na panya wa majumbani anayechafua chakula kwa mkojo na kinyesi. Mwanzoni mwa 2018 iliua wahudumu wa afya Abakaliki, madaktari wakiwamo. Dalili zake za mwanzo mgonjwa huzieleza kama *iba* ya kawaida: joto, kichwa, uchovu. Kinachoitofautisha ni maswali yanayofuata, kuhusu panya ndani ya nyumba, kuhusu chakula kilichoanikwa wazi, kuhusu msiba aliouhudhuria na nani aliuosha mwili. Mhudumu anayeuliza hayo kwa Kiigbo cha redio kwa mkulima wa Ezaa anaweza kujibiwa *ee*, ndiyo, kwa adabu tu. Abakaliki, mwalimu wa daktari awe mtu wa Abakaliki.

Bibi wa ọmụgwọ

Orodha nyingi za kujifunzia huanza na viungo vya mwili, na karibu zote humsahau mtu mwenye mamlaka kubwa kuliko daktari katika wiki za kwanza za mtoto. Mwanamke akijifungua, mama yake au mama mkwe huja kukaa naye. Desturi hiyo huitwa *ọmụgwọ*. Bibi humkanda mzazi kwa maji ya moto, humpikia mchuzi mkali wa pilipili na kiungo kiitwacho *uda* ili tumbo lisafike, humwogesha na kumlaza mtoto. Ni huduma ambayo wanawake wengi wa Ulaya wangeitamani.

Bibi huyo ndiye anayeamua pia kama mtoto atapewa maji. Akiona jua ni kali atasema kiu itamwua mjukuu, ijapokuwa ushauri wa WHO ni ziwa pekee kwa miezi sita. Kliniki humfundisha mama, kwa Kiingereza au Pijini, naye ni binti mwenye uchovu ambaye hawezi kumbishia mzazi aliyekuja kumhudumia. Mkunga anayeijua kazi yake humwita bibi aingie, humsalimu kwanza, humshukuru kwa *ọmụgwọ*, ndipo humwambia *naanị ara, ọnwa isii*: ziwa tu, miezi sita. Kisha hueleza kwamba maji ya mtoto yamo ndani ya ziwa lenyewe, na kwamba kunywa sana kunampasa mama. Daktari mgeni anayetaka kujua namna ya kulisema hilo bila kumvunjia mzee heshima, na kwa toni inayofanya *ara* ibaki ziwa, aombe kukaa pembeni ya mkunga huyo siku ya kliniki ya watoto, na daftari lake liwe wazi.